Nina shahada ya ualimu ya Kenya na namba ya TSC. Nianzie wapi ili nifundishe Texas?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Fizikia. Nilifundisha shule ya upili Kenya kwa miaka sita, nina shahada ya ualimu na namba ya TSC, ile tume inayosajili walimu Kenya. Nilikuja Texas kumfuata mume wangu kwa grini kadi, na huu ni mwaka wa pili nikifanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) katika nyumba ya wazee. Wengine wananiambia digrii ya Kenya haina maana huku, nianze upya chuoni. Wengine wanasema nikubali tu kuwa msaidizi wa darasani. Nina miaka 38. Nianzie wapi, na je, nimechelewa?

Jibu: Mwalimu, usijiandikishe kwa digrii ya pili. Shahada ya miaka minne kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa Kenya husomwa Marekani kama shahada ya kwanza kamili, na Texas haimdai mwalimu wa shule ya upili digrii kubwa kuliko hiyo. Kinachokuzuia kuingia darasani leo ni kwamba hakuna ofisi yenye mamlaka iliyokwisha kuzisoma karatasi zako na kuziweka katika vipimo vya huku. Kazi hiyo ina mpangilio wake. Wengi wanaokwama hushika hatua ya tatu kabla ya ya kwanza: wanalipia mtihani au kozi ilhali tathmini ya vyeti haijatoka, kisha wanaambiwa wamelipia kitu ambacho hawakukihitaji.

Jambo moja kabla hatujaingia ndani. Leseni ya ualimu Marekani, ambayo Texas huiita cheti, hutolewa na jimbo, si na serikali ya Washington. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyeko Minnesota au New York unaweza kuwa kweli tupu kwake na usikufae wewe. New York, kwa mfano, mwalimu anayeanza hutarajiwa kupata shahada ya uzamili ndani ya miaka mitano ili apate cheti cha kudumu. Texas haina sharti hilo. Ofisi yako ni TEA, shirika la elimu la jimbo la Texas, na kila unaloambiwa lipime na tovuti yao kabla hujatoa hela.

Transkripti ndizo zinazochelewesha, anza nazo leo

Kampuni nyingi za kutathmini vyeti hazikubali transkripti uliyobeba mwenyewe ndani ya bahasha iliyofunguliwa, hata ikiwa na mihuri yote. Zinataka itoke moja kwa moja kwa msajili wa masomo wa chuo kikuu chako, ama kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mkunjo, ama kwa barua pepe ya anwani rasmi ya chuo. Maombi ya mbali hulala mezani, kwa hiyo tafuta ndugu au rafiki aliye Kenya awe mguu wako. Mwandikie barua ya idhini yenye nakala ya kitambulisho chako, na kwanza aulize kama una deni: karo iliyobaki, kitabu cha maktaba, joho la mahafali. Deni dogo la namna hiyo linatosha kuizuia transkripti kwa miezi, na mara nyingi hakuna atakayekupigia simu kukueleza sababu.

Hakikisha zoezi la kufundisha, yaani TP, limeorodheshwa kwenye transkripti. Vyuo vingine huliandika kama kozi yenye alama, vingine huliacha nje kabisa. Kama halimo, omba barua ya kitivo inayotaja shule uliyofundisha, tarehe na idadi ya wiki. Bila hiyo unaonekana mtu aliyesoma ualimu kwa nadharia tu.

Halafu majina. Hapa ndipo wanawake walioolewa huumia zaidi. Transkripti ina jina la baba, grini kadi ina jina la mume, na cheti cha TSC kina majina matatu kwa mpangilio mwingine. Chagua jina moja, lile lililo kwenye kitambulisho unachotumia Texas, na ulitumie kila unapojisajili. Kila bahasha iendayo kwa tathmini iambatane na nakala ya cheti cha ndoa. Kwenye chumba cha mtihani, jina la usajili lisipolingana na la kitambulisho hutaingia, na ada haitarudi.

TSC nao wana sehemu yao. Utahitaji cheti cha usajili na barua inayothibitisha kwamba umesajiliwa na ulitumikia miaka fulani katika shule fulani. Sasa jiulize kwa ukweli: uliacha kazi vipi? Kama uliandika barua ya kujiuzulu na ikakubaliwa, sawa. Kama ulichukua likizo ukaondoka usirudi, huenda kuna kesi ya utoro kazini iliyofunguliwa dhidi yako bila wewe kujua, na mwisho wa kesi kama hiyo unaweza kuwa jina kufutwa kwenye daftari la walimu. Kama mshahara uliendelea kuingia, unadaiwa pia. Safisha jambo hilo kabla ya kuomba barua. Fomu za huku huuliza wazi kama umewahi kuadhibiwa au kufutiwa usajili popote duniani. Kosa la zamani lililomalizwa linaelezeka, lakini jibu la uongo kwenye fomu hufunga mlango wa leseni.

Tathmini: nunua iliyo sahihi mara moja

Kuna tathmini ya jumla, inayosema tu kwamba una shahada inayolingana na ya Marekani, na kuna ya kozi kwa kozi, inayotaja kila somo, krediti zake (kipimo cha uzito wa kozi), alama, na wastani wa alama zote uitwao GPA. Ya jumla ni nafuu, na ndiyo watu hununua kisha wakalazimika kulipa tena. Wewe unahitaji ya kozi kwa kozi. Bei yake kwa kawaida ni kati ya dola 150 na 300, ikitegemea kampuni na kasi unayotaka. TEA ina orodha ya kampuni inazozikubali, na tathmini ya kampuni iliyo nje ya orodha hiyo haitakufikisha popote.

Usijipigie GPA mwenyewe ukakata tamaa. Alama ya 65 katika vyuo vikuu vya Kenya ni B, na anayetathmini huisoma hivyo. Ukiipima kwa mizani ya Marekani, ambako 65 ni D, utadhani ulifeli. Walimu wenye daraja la pili la juu wameshaacha kutuma maombi kwa hesabu hiyo mbovu. Programu za kuandaa walimu Texas huanzia GPA ya 2.5, na shahada nzuri ya Kenya huvuka hapo.

Kitu cha pili cha kutazama kwenye tathmini ni krediti za Hisabati. Kwa somo la hisabati au sayansi kuanzia darasa la saba kwenda juu, programu hutaka angalau krediti 15 za somo lenyewe, au uwe umefaulu mtihani wa somo. Wewe uliyesoma masomo mawili ya kufundishia huenda ukavuka kwa Hisabati kwa wingi na kwa Fizikia kwa shida. Hilo si baya, kama utakavyoona.

Usisahau suala la Kiingereza. Texas humtaka mwenye digrii ya nje athibitishe uwezo wake kwa TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ila ina orodha ya nchi ambazo wahitimu wake wamesamehewa. Itazame orodha hiyo kabla ya kulipia mtihani.

Njia mbili, na ipi yako

Njia ya kwanza ni kuiomba TEA ikague sifa zako kama mwalimu aliyekwisha kuthibitishwa katika nchi nyingine. Hii ni ya mtu kama wewe hasa: shahada ya ualimu, TP, na usajili rasmi wa TSC. Wakiridhika, hukuambia mitihani unayodaiwa, na unaweza kupewa cheti cha mwaka mmoja kinachokuruhusu kufundisha kwa mshahara kamili huku ukimaliza mitihani hiyo. Mwaka huo ni saa inayotembea, nawe usitegemee kuongezewa. Kwa hiyo faulu mtihani wa somo kwanza, pata shule, ndipo uombe cheti cha mwaka mmoja. Anayekichukua mwezi Oktoba akaajiriwa Agosti amechoma miezi kumi bure.

Njia ya pili ni programu mbadala ya kuandaa walimu, na ndiyo njia ya lazima kwa mwenye shahada isiyo ya ualimu, au kama TEA wataona cheti chako hakilingani na cha kwao. Programu hizi zinaendeshwa na vyuo vikuu, vyuo vya jamii, kampuni binafsi, na vituo 20 vya huduma za elimu vya kanda vilivyotapakaa Texas nzima. Unasoma sehemu ya kozi, unafaulu mtihani wa somo, unaajiriwa kwa cheti cha mwanagenzi, unafundisha mwaka mzima ukikaguliwa, kisha unapata cheti cha kawaida. Gharama ni dola elfu kadhaa. Tangazo likisema unaanza kwa ada ndogo sana, uliza jumla ni ngapi na makato yanaanza lini kwenye mshahara wako. Uliza pia mkaguzi wa darasani atakutembelea mara ngapi, na wanafunzi wao wangapi hufaulu mtihani mara ya kwanza. TEA huchapisha hadhi ya kila programu. Ikiwa chini ya onyo au ya uangalizi, achana nayo hata kama ofisi yao iko karibu na kwako.

Ushauri wangu: tuma kwa njia ya kwanza, kwa sababu ni nafuu na inaheshimu miaka yako sita. Wakati majibu yanasubiriwa, zungumza na kituo cha kanda yako ili ujue njia ya pili ingekugharimu nini.

Kuna mtu atakuambia wilaya fulani ya shule huajiri bila cheti chochote. Ni kweli imekuwa ikitokea, lakini sheria iliyopitishwa Texas mwaka 2025 inabana hatua kwa hatua matumizi ya walimu wasio na cheti katika masomo makuu ya mtaala. Ukipewa nafasi kama hiyo ichukue tu kama tayari uko ndani ya mojawapo ya njia hizi mbili.

Mtihani

Mitihani ya Texas huitwa TExES. Alama zake ni kati ya 100 na 300, na kufaulu ni 240. Mtihani mmoja unaruhusiwa kuufanya mara tano tu, wa kwanza na marudio manne. Kwa hiyo usiende "kuonja". Mtu aliyeonja mara tatu bila kujiandaa amebakiwa na nafasi mbili.

Chukua Hisabati 7–12, yaani ya darasa la 7 hadi la 12, mtihani namba 235, uiache Fizikia kwa sasa. Shule moja ya upili huwa na walimu wa hisabati wengi na wa fizikia mmoja au wawili, kwa hiyo nafasi za hisabati hufunguka kila mwaka. Ukishapata cheti cha kawaida, Texas hukuruhusu kuongeza somo jingine kwa kufaulu mtihani wake tu, bila programu mpya. Fizikia utaiongeza hapo, na pamoja nayo cheti cha nyongeza cha kufundisha wanaojifunza Kiingereza, namba 154. Kwa mtu aliyejifunza kila kitu kwa lugha ya pili, hicho ni cheti kinachokufaa kabisa.

Mtihani wa 235 una maswali 100 ya kuchagua jibu, kwa muda wa karibu saa tano, mbele ya kompyuta. Aljebra ndiyo sehemu kubwa, karibu theluthi nzima. Karibu moja ya tano ni kufikiri kihisabati na namna ya kufundisha na kupima, na hapo ndipo walimu hodari wa Kenya hudondosha alama, kwa sababu swali halitaki jibu la hesabu. Linakuonyesha kazi ya mwanafunzi aliyekosea na kukuuliza amekosea wapi kimawazo, na ungemuuliza swali gani ili aligundue kosa mwenyewe. Mara nyingi jibu la "mrudie kumwonyesha hatua" huwa si lile wanalolitaka.

Hisabati yenyewe unaijua, ila maneno yamehama. Kile ulichokiita "gradient" hapa ni "slope", "indices" ni "exponents", "surds" ni "radicals", na "trapezium" ni "trapezoid". Mstari ulionyooka huandikwa y = mx + b. Hatari zaidi ni "standard form": Kenya ni kuandika namba kwa vipeo vya kumi, huku ni mlinganyo wa mstari, Ax + By = C. Urefu uko kwa inchi na futi. Kikokotoo ni cha kuchora grafu, ambacho hukukitumia Kenya, kwa hiyo jizoeze nacho angalau mwezi mzima. Pakua mwongozo wa bure wa mtihani, fanya maswali yake yote kwa kikao kimoja cha saa tano, uone akili inachokea wapi.

Mtihani mwingine utakaodaiwa ni wa taaluma ya ualimu na wajibu wa mwalimu. Humo utakutana na sheria ya wanafunzi wenye ulemavu na ile hati ya kila mwanafunzi wa namna hiyo iitwayo IEP. Hati hiyo inabana kisheria. Ikisema mtoto apewe muda wa ziada wa nusu, hujaachiwa hiari. Isome sana, kwa sababu itakuja mtihanini, itakuja kwenye usaili, na itakuja darasani wiki ya kwanza.

Uingie shuleni kabla ya leseni

Kuhusu usaidizi wa darasani: kwa digrii yako unafuzu bila shida, maana sheria ya shirikisho kwa shule zinazopata fedha za Title I (ruzuku ya shule zenye watoto wengi wa familia maskini) hutaka miaka miwili ya chuo au mtihani. Lakini ni kazi ya siku tano kwa wiki, na malipo yake mara nyingi hayafiki ya CNA. Naona ualimu mbadala, yaani kushika darasa la mwalimu asiyekuwepo siku hiyo, unakufaa zaidi. Kila wilaya ya shule huweka masharti yake. Unapimwa alama za vidole, unahudhuria mafunzo mafupi, kisha unachagua siku zako kwenye programu ya simu. Ukihamishia zamu zako za CNA kwenye wikendi au usiku wa siku mbili tatu, unaweza kuwa shuleni siku mbili kwa wiki.

Zitumie kwa shabaha. Chagua shule mbili tu zilizo karibu, na uchukue madarasa ya Algebra I kila yanapojitokeza, kwa sababu hilo ndilo somo lenye mtihani wa jimbo na ndilo linalowatia wakuu wa shule wasiwasi. Mwachie mwalimu mwenyewe barua fupi mezani: nani amemaliza kazi, nani amekwama swali la ngapi, tatizo lilikuwa nini. Walimu husimuliana juu ya mbadala wa namna hiyo. Mwalimu akienda likizo ya uzazi, shule humtafuta mtu inayemjua akae na darasa kwa wiki nane au kumi, na mkuu wa shule akishakuona ukifundisha wiki zote hizo usaili huwa mwepesi.

Kuajiri walimu hupamba moto kuanzia Machi hadi Julai, na shule hufunguliwa Agosti. Ukianza transkripti Septemba, lenga tathmini iwe mkononi kabla ya mwaka mpya na mtihani wa somo Februari.

Kwenye usaili, usiseme tu kwamba ulifundisha darasa la watu 55. Wataona huruma, na hutafuti huruma. Eleza ulifanyaje: uliwapanga vipi, ulijuaje aliyebaki nyuma, ulimpa nini, na alama zake zilitoka wapi zikafika wapi. Ukiulizwa juu ya nidhamu, jibu lianze na taratibu unazofundisha wiki ya kwanza, jinsi ya kuingia, kuomba nafasi na kukusanya kazi. Jibu linaloanza na adhabu huwashtua. Kuhusu lafudhi, wasaili wengi hawatauliza, lakini wanawaza. Katika somo la majaribio andika kila istilahi ubaoni unapoitamka kwa mara ya kwanza na uwaombe wanafunzi waitamke, na wasiwasi wao utapungua bila wewe kuutaja.

Umri na pesa

Hujachelewa, na hesabu yake ni hii. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Texas, TRS, hukupa haki ya pensheni baada ya miaka mitano ya utumishi. Ukianza na miaka 40 ukafundisha hadi 65, una miaka 25 ndani yake. Miaka yako sita ya Kenya inaweza pia kuhesabiwa kwenye ngazi ya mshahara ikithibitishwa rasmi, ndiyo maana ile barua ya TSC ina thamani ya pesa. Iwasilishe kabla mkataba haujapangiwa ngazi, na usikubali kuanzia sifuri kwa sababu karatasi ziko njiani. Waombe waandike kwamba ngazi itarekebishwa zikifika.

Kuna jambo ambalo wahamiaji wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Wilaya nyingi za shule Texas hazichangii Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali ya shirikisho, na pensheni ya Social Security hutaka krediti 40, ambazo ni kama miaka kumi ya kazi, kwa kuwa mwaka mmoja hautoi zaidi ya nne. Miaka yako miwili ya CNA imekupa kama nane. Zamani mwenye pensheni ya ualimu alikatwa sehemu ya Social Security yake, lakini sheria iliyotiwa saini Januari 2025 imeliondoa punguzo hilo, kwa hiyo krediti zako sasa zina faida kamili. Iulize ofisi ya utumishi ya wilaya kama inachangia. Kama haichangii, fungua akaunti yako ya Social Security kwenye mtandao, hesabu krediti ulizo nazo, na upige hesabu ya zamu ngapi za wikendi kwa mwaka zitatosha kuzikamilisha kabla hujaamua kuiacha kabisa kazi ya CNA.